Kibali cha usalama cha Marekani na tuhuma za utovu wa nidhamu: jinsi ya kujaza fomu, kuhojiwa na kujitetea

Anayetafuta kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kushughulikia siri za serikali, hujaza fomu SF-86, siku hizi mtandaoni kwenye mfumo wa eApp. Sehemu ya 13A ya fomu hiyo inataka kazi zote za miaka 10 iliyopita. Chini ya kila mwajiri kuna swali ambalo wengi hulipita mbio: kazi hii uliiachaje? Kuna mambo manne unayotakiwa kuyataja ikiwa yalitokea ndani ya miaka 7. Kwamba ulifukuzwa. Kwamba uliacha baada ya kuambiwa utafukuzwa. Kwamba uliacha kwa makubaliano kufuatia mashtaka au tuhuma za utovu wa nidhamu. Au kwamba uliacha kwa makubaliano baada ya kuarifiwa kuwa utendaji wako hauridhishi. Kisha linakuja swali jingine: katika miaka hiyo 7, je, ulipewa onyo la maandishi, ulikaripiwa rasmi, ulisimamishwa au kuadhibiwa kwa utovu wa nidhamu kazini?

Lisome tena lile la tatu. Halikuulizi kama ulipatikana na kosa, linakuuliza kama kulikuwa na tuhuma. Hapo ndipo watu hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Mtu anajua alisingiziwa, barua yake ya kuondoka imeandikwa "amejiuzulu kwa hiari", basi anajaza kwamba alipata kazi bora zaidi. Tuhuma ambayo ingeelezeka kwa aya moja imekwisha kuwa uongo kwenye fomu ya serikali. Uongo wa makusudi kwenye fomu hiyo ni jinai chini ya kifungu cha 1001, kichwa cha 18 cha sheria za Marekani, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 5. Hata asiposhtakiwa, uongo wenyewe ni sababu tosha ya kunyimwa kibali, na ni sababu ngumu kuitetea kuliko ile tuhuma ya mwanzo.

Tuhuma inapimwaje

Waamuzi wa vibali hutumia mwongozo wa kitaifa uitwao SEAD 4, ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Una vipengele 13, kuanzia A hadi M. Tuhuma za utovu wa nidhamu huangukia zaidi kwenye E, yaani mwenendo binafsi, na J, yaani mwenendo wa kijinai. Zikihusu ngono huingia D. Zikihusu kutunza vibaya nyaraka za siri huingia K, na matumizi mabaya ya kompyuta au mitandao ya kazini ni M. Tendo moja linaweza kuorodheshwa chini ya vipengele viwili au vitatu kwa pamoja, kwa hiyo usishangae ukiona jambo lilelile limetajwa mara mbili kwenye barua.

Kitu ambacho aliyezoea mahakama za kawaida hukiona kigeni ni kiwango cha ushahidi. Hapa serikali haihitaji kuthibitisha bila kuacha shaka. Kipengele J kinasema wazi, katika aya ya 31(b), kwamba ushahidi wa mwenendo wa kijinai unaweza kuwa tuhuma inayoaminika, kukiri kwako, au kumbukumbu rasmi, iwe ulishtakiwa au hukushtakiwa, ulihukumiwa au hukuhukumiwa. Na shaka ikibaki, inaamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Department of the Navy v. Egan, ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali. Kwa hiyo hukumu ya "hana hatia", au barua ya mwendesha mashtaka kwamba kesi imefutwa, ni kielelezo kizuri lakini peke yake haifungi mjadala. Mwamuzi bado atauliza: ilitokea nini?

Upande wa pili wa mizani upo pia, na watu wengi hawaujui. Aya ya 17(f) ya kipengele E inakubali utetezi kwamba habari hiyo haikuthibitishwa au ilitoka kwa mtu asiyeaminika. Aya ya 32(c) ya kipengele J inakubali kwamba hakuna ushahidi wa kutegemewa kuwa ulitenda kosa. Tuhuma si hukumu, ila lazima ujibu kwa vitu vinavyoshikika. "Mimi si mtu wa hivyo" haijibu kitu.

Juu ya vipengele hivyo kuna kanuni ya kumtazama mtu mzima. Mambo 9 yanapimwa: uzito wa tendo, mazingira yake, limejirudia mara ngapi na lini, umri na upevu wako wakati huo, kama ulifanya kwa hiari, kama umejirekebisha, nia yako, uwezekano wa mtu kukushinikiza kwa jambo hilo, na uwezekano wa kulirudia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba miaka fulani ikipita kosa limesamehewa. Ile miaka 7 ni ya maswali ya fomu tu, na mpelelezi akikutana na jambo la miaka 9 iliyopita anaweza kulifuata.

Anza na karatasi

Kabla ya kugusa fomu, kusanya yafuatayo: barua au barua pepe iliyoeleza tuhuma, majibu uliyoyatoa wakati ule, matokeo ya uchunguzi wa ndani kama uliyapewa, barua ya kuacha kazi au mkataba wa kuachana, tathmini zako za utendaji za kabla na baada, na kama polisi waliingia, hati ya mahakama inayoonyesha kesi iliishaje. Hati hiyo ya mwisho iombe kwa karani wa mahakama, nakala yenye muhuri. Usitegemee kumbukumbu ya simu ya wakili wa zamani.

Mkataba wa kuachana una mtego wake. Mara nyingi mwajiri huahidi kwamba akiulizwa atataja tarehe za ajira na cheo tu. Mtu husoma hapo akadhani siri imezikwa. Mpelelezi haishii ofisi ya utumishi. Anazungumza na waliokuwa wasimamizi wako, uliofanya nao kazi, wakati mwingine majirani. Na ule mkataba ni kati yako na mwajiri. Swali la SF-86 halikupi msamaha kwa sababu yake. Kama una kifungu cha kutofichua, kionyeshe kwa wakili wa masuala ya vibali kabla ya kujaza.

Ikiwa uliwahi kupelelezwa zamani, omba faili lako. Sheria ya faragha inakuruhusu kuliomba kutoka DCSA, shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi ambalo tangu tarehe 1 Oktoba 2019 ndilo linalofanya sehemu kubwa ya upelelezi wa serikali. Ndani yake kuna muhtasari wa mahojiano yako ya awali. Atakayesoma fomu yako mpya atalinganisha na ule muhtasari, basi na wewe uusome kwanza.

Kujaza 13A bila kujichongea

Tuseme mtu alituhumiwa kujaza saa za kazi ambazo hakuzifanya kwenye mkataba wa serikali. Sehemu ya maelezo anaandika, kwa Kiingereza cha fomu, maneno ya namna hii:

"Niliondoka kwa makubaliano. Kulikuwa na kutoelewana na msimamizi kuhusu saa za kazi. Jambo hilo lilikwisha."

Haya si uongo wa moja kwa moja, ila yana harufu mbaya. Mpelelezi akisoma barua ya tuhuma ataona neno "udanganyifu", na "kutoelewana" litaonekana kama pazia. Linganisha na hili:

"Machi 2022 mwajiri alinituhumu kuandika saa 18 ambazo sikufanya kazi, kati ya Januari na Machi mwaka huo. Saa 11 nilizifanya katika jengo jingine la kampuni. Rekodi za kadi ya mlango zinaonyesha hivyo. Saa 7 nilizijaza mwisho wa wiki kwa kukisia, kinyume cha utaratibu uliotaka zijazwe kila siku. Niliacha kazi tarehe 8 Aprili 2022 kwa makubaliano, uchunguzi wa ndani ukiwa haujaisha. Nilirudisha malipo ya saa 7. Sikushtakiwa. Barua ya tuhuma na mkataba wa kuachana ninazo."

Angalia kilichofanyika hapo. Tuhuma imetajwa kwa maneno ya mwajiri. Idadi ipo na tarehe zipo. Saa 11 zimekanushwa na ushahidi umetajwa. Saa 7 zimekubaliwa bila kupakwa rangi. Mpelelezi akienda kwa mwajiri hatakuta kitu kipya, na hilo ndilo lengo lote la maelezo haya. Hakuna malalamiko juu ya msimamizi. Hata kama msimamizi alikuwa na chuki, mahali pa kuonyesha chuki hiyo ni kwenye vielelezo baadaye, si kwenye kisanduku cha fomu.

Kosa jingine la kawaida ni kuchagua kisanduku laini. Kama uliambiwa "jiuzulu leo au tutakufukuza kesho", kisanduku chako ni kile cha pili, uliacha baada ya kuambiwa utafukuzwa, hata kama barua iliandikwa na wewe mwenyewe kwa kalamu yako. Na kama uliondoka wakati uchunguzi unaendelea, hakuna aliyekuambia lolote kuhusu kufukuzwa, lakini tuhuma ulizijua, mara nyingi ni cha tatu. Ukibaki na shaka, jibu ndiyo na ueleze shaka yenyewe. Jibu la ndiyo lililozidi hurekebishika kwenye mahojiano kwa dakika mbili. La hapana lililopungua linakuwa kesi.

Tuhuma iliyofika polisi inaingia pia sehemu ya 22. Kukamatwa, kuitwa mahakamani au kushtakiwa ndani ya miaka 7 kunatajwa, na mahakama za nje ya Marekani zinahesabiwa. Faini za barabarani chini ya dola 300 zisizohusu pombe wala dawa za kulevya zinaachwa. Kuna maswali mengine hayana kikomo cha miaka: kushtakiwa kwa kosa kubwa la jinai, makosa ya silaha, makosa ya pombe au dawa, na kuhukumiwa kwa ukatili wa nyumbani. Na usidanganywe na neno "rekodi imefutwa". Fomu inataka utaje hata kama rekodi ilifungwa au kufutwa na mahakama ya jimbo, isipokuwa aina moja finyu ya ufutaji wa makosa ya dawa za kulevya chini ya sheria ya shirikisho. Kwa askari, adhabu za kijeshi, ikiwemo ile ya kifungu cha 15 inayotolewa na kamanda bila mahakama, huulizwa sehemu ya 15.

Mahojiano na mpelelezi

Mpelelezi haamui. Anakusanya, anaandika, anapeleka. Kumshawishi hakukusaidii, na kumkasirikia kunaandikwa.

Ukigundua kabla ya mahojiano kwamba uliacha kitu kwenye fomu, kiseme wewe mwanzoni, kabla hajafungua daftari: "Nina marekebisho kwenye 13A." Aya ya 17(a) inahesabu kwa faida yako marekebisho ya haraka na ya nia njema yaliyofanywa kabla hujawekewa ukweli mezani. Ukisubiri akuulize, "Je, uliwahi kupata onyo kazini kwa mwajiri fulani?" kisha useme "Ah, ndiyo, nilisahau," faida hiyo imepotea. Tofauti ni sekunde chache za mazungumzo, lakini kwenye uamuzi ni tofauti kati ya aya ya kukutetea na aya ya kukushtaki.

Kuna utetezi mwingine ambao watu huutegemea vibaya: niliambiwa nisiandike. Aya ya 17(b) inaukubali, kwa masharti. Ushauri lazima uwe wa wakili, au wa mtu ambaye kazi yake ni kushauri kuhusu taratibu za usalama. Mfanyakazi mwenzako mwenye kibali tangu zamani hahesabiki. Wakala wa ajira aliyekuambia "hiyo acha, itachelewesha" naye hahesabiki. Na ukishajua kwamba ulitakiwa kusema, usahihishe haraka, la sivyo hata ushauri wa wakili haukulindi.

Wakati wa kuhojiwa usikisie. "Sikumbuki tarehe, barua inayo, hii hapa" ni jibu kamili. Ukibuni tarehe na ikapingana na nyaraka, mwamuzi hatajua kama ulikosea au ulificha. Njia ya mwongo ni fupi, na ya anayekisia haiizidi kwa urefu.

Kama kibali unacho tayari

Mwenye kibali ana wajibu wa kuripoti, chini ya mwongozo wa SEAD 3 ulioanza kutumika Juni 2017. Kukamatwa kunaripotiwa kwa afisa usalama wako, iwe kibali ni cha ngazi ya Secret au ile ya juu zaidi, Top Secret. Usingoje kuona kama kesi itafutwa. Siku hizi kuna ukaguzi endelevu: kumbukumbu za polisi, mahakama na mikopo zinapekuliwa kwa mashine muda wote, kwa hiyo kukamatwa Jumamosi usiku kunaweza kufika kwa wahusika kabla hujarudi kazini. Ripoti yako ikitangulia, inakuwa ushahidi wa uaminifu. Ikifuata, inakuwa jibu tu.

Kampuni zenye mikataba ya siri nazo zina wajibu wao. Kanuni za viwanda vya ulinzi, sehemu ya 117 ya kanuni za shirikisho za kichwa cha 32, zinamtaka mwajiri aripoti habari mbaya za mfanyakazi mwenye kibali. Mambo mawili humo yanakuhusu. Kwanza, ripoti haitakiwi kujengwa juu ya uvumi au minong'ono. Kama iliandikwa hivyo, hilo ni jambo la kuliweka kwenye utetezi wako. Pili, kuacha kazi hakumwondolei mwajiri wajibu wa kuripoti. Wanaojiuzulu ili "faili lifungwe" hufunga mlango wakiwa ndani. Taarifa inabaki kwenye mfumo, na kwa sababu huna tena mwajiri wa kukudhamini, mchakato unasimama bila uamuzi. Inaitwa kupoteza mamlaka juu ya shauri. Mwajiri mpya akitaka kukuchukua, anakuta bendera nyekundu, na lazima jambo lile la zamani lifunguliwe na kumalizwa kwanza. Kwa baadhi ya watu kujiuzulu bado ni chaguo la busara kwa sababu nyingine. Lisiwe kwa sababu hii.

Kama tuhuma zilianza baada ya wewe kuripoti ubadhirifu au uvunjaji wa sheria, sema hivyo mapema. Agizo la rais la mwaka 2012 liitwalo PPD-19 linakataza kutumia kibali kama fimbo ya kulipiza kisasi, na malalamiko hayo hupelekwa kwa mkaguzi mkuu wa idara yako. Ni njia sambamba. Haisimamishi muda wa kujibu barua nyingine yoyote.

Hati ya sababu ikifika

Mwamuzi asiporidhika, utapokea hati ya sababu, yaani maelezo ya kwa nini serikali inakusudia kukunyima au kukufutia kibali. Ni karatasi chache, kila tuhuma ikiwa na namba: 1.a, 1.b, 2.a, kila namba kuu ikiwa kipengele kimoja. Kwa wafanyakazi wa makandarasi wa ulinzi, shauri linakwenda DOHA, ofisi ya mashauri na rufaa ya Wizara ya Ulinzi, kwa taratibu za maelekezo namba 5220.6. Wanajeshi na watumishi wa serikali hufuata njia ya idara zao, lakini amri ya rais namba 12968 ya mwaka 1995 inawapa wote mambo ya msingi: sababu za maandishi, nyaraka zilizotumika wakiziomba, wakili kwa gharama zao, kujibu kwa maandishi, kufika ana kwa ana, na rufaa.

Kwa DOHA, jibu lako lifike ndani ya siku 20 tangu upokee hati. Lifike, si litumwe. Ukihitaji muda zaidi omba kabla siku hazijaisha, ukitoa sababu. Jibu huwa la kiapo, na kila namba ijibiwe peke yake: nakubali, au nakana. Kukana kwa jumla, "nakana tuhuma zote", hakukubaliki. Na kama unataka kusikilizwa na hakimu, uombe ndani ya jibu hilohilo.

Jibu la namba moja linaweza kuwa hivi:

"1.a. Nakubali kwa sehemu. Nakubali kwamba saa 7 kati ya 18 nilizijaza kwa kukisia. Nakana kwamba saa 11 zilizobaki hazikufanyiwa kazi. Angalia Kielelezo A, rekodi za mlango za jengo la pili, na Kielelezo B, barua pepe nilizotuma siku hizo nikiwa huko."

Hapa kuna uamuzi mmoja mgumu, na ndio unaoharibu mashauri mengi ambayo yangeweza kwenda upande wowote. Kwa kila tuhuma, unasema "sikufanya" au "nilifanya, nimebadilika"? Utetezi wa kwanza unasimama kwenye 17(f) na 32(c), na unataka ushahidi wa ukweli: mashahidi, rekodi, udhaifu wa chanzo. Wa pili unasimama kwenye 17(c) na 17(d): jambo lilikuwa dogo au la zamani au la mazingira ya pekee, umelikiri, umepata ushauri nasaha, umechukua hatua. Huwezi kukana tendo na papo hapo kuleta cheti cha mafunzo ya kujirekebisha kwa tendo hilohilo. Hakimu atauliza unajirekebisha kutoka kwa kitu gani. Kuchanganya kunaruhusiwa kati ya namba na namba, au kati ya sehemu za namba moja kama kwenye mfano wa saa 7 na 11. Si ndani ya jambo moja.

Barua za watu wanaokufahamu zina uzito kama aliyeandika anajua tuhuma. "Namfahamu kwa miaka 12, ni mtu mwaminifu" inapita kama maji juu ya jani. "Nimesoma hati ya sababu, najua anatuhumiwa kujaza saa za uongo mwaka 2022, tangu Mei 2022 nimekuwa nikiidhinisha saa zake kila wiki na sijakuta kasoro" inashika. Tatu za aina hiyo zinatosha. Ishirini za aina ya kwanza ni mzigo kwa msomaji.

Usipoomba kusikilizwa, wakili wa serikali hukutumia faili la nyaraka zake, na una siku 30 za kujibu. Lipekue ukurasa kwa ukurasa. Mara nyingi ndani yake kuna muhtasari wa mahojiano yako ulioandikwa na mpelelezi. Kwa taratibu za maelekezo yale, ripoti ya upelelezi haiingii kama ushahidi bila shahidi wa kuithibitisha, na kwenye shauri la maandishi shahidi huyo hayupo. Ukipinga, inaweza kuondolewa. Ukikaa kimya, unahesabiwa kuwa umeikubali. Kama ina makosa, pinga au yasahihishe kwa maandishi. Kama ni sahihi na inakusaidia, iache.

Kusikilizwa kunagharimu muda na ujasiri, lakini kwa tuhuma zinazohusu ukweli wa mtu, mwenendo wa E, mara nyingi ndiyo njia bora. Hakimu akikuona ukijibu maswali bila kubabaika anapata kitu ambacho karatasi haina. Serikali ndiyo inayotakiwa kuleta ushahidi wa mambo uliyoyakana. Ukishakubali, au ikishathibitisha, mzigo unahamia kwako: kueleza, kukanusha au kuonyesha mabadiliko. Unaweza kuleta mashahidi na kuwahoji wa upande wa pili. Kabla ya siku hiyo, soma maamuzi ya zamani ya DOHA. Yamewekwa wazi mtandaoni, majina yameondolewa. Tafuta ya kipengele E yenye tuhuma kama yako, usome jinsi hakimu alivyoeleza kwa nini aliamini au hakuamini. Saa tatu za kazi hiyo zina faida kuliko mwezi wa kuuliza watu.

Ukishindwa, notisi ya rufaa ifike kwenye bodi ya rufaa ndani ya siku 15 tangu tarehe ya uamuzi. Bodi haipokei ushahidi mpya. Inatazama tu kama hakimu alikosea kisheria au aliamua bila msingi kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kielelezo ulichokisahau kwenye kikao kimekwenda.

Kuomba upya kunaruhusiwa baada ya mwaka 1 tangu uamuzi wa kwanza wa kukunyima, na lazima uwe na mwajiri wa kukudhamini, maana mtu hajiombei kibali mwenyewe. Kwenye fomu mpya, sehemu ya 25 itauliza kama umewahi kunyimwa, kusimamishiwa au kufutiwa kibali. Hapo jibu ni ndiyo, na maelezo yawe na tarehe ya uamuzi, namba ya shauri, na kilichobadilika tangu siku hiyo. Kukataliwa kibali cha muda, kile kinachotolewa upelelezi ukiendelea, si kunyimwa; hakina rufaa na hakiingii kwenye jibu hilo.